Maswali na majibu: picha za sanaa ya utendaji

Safu iliyopita ilihusu maonyesho ya picha za Harry Shunk na János Kender yaliyofanyika katika MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa, New York, mwaka 2015. Wawili hao, Paris kwanza na baadaye New York, waliwapiga picha wasanii ambao kazi yao ya sanaa ilikuwa tendo lenyewe, lililofanywa kwa mwili. Picha yao moja maarufu inamwonyesha msanii Mfaransa Yves Klein akijirusha hewani juu ya barabara. Mmeuliza mengi. Haya ni baadhi.

Yves Klein aliruka kweli, au ile picha ni ya kutengeneza? (Msomaji, Tanga)

Aliruka kweli, na picha imetengenezwa pia. Oktoba 1960, huko Fontenay-aux-Roses nje kidogo ya Paris, Klein alijirusha kutoka juu huku wenzake wa judo wakiwa wametandaza turubai chini wamdake. Alikuwa na dani (daraja) ya nne ya Kodokan, chuo cha judo cha Tokyo, kwa hiyo kuanguka alikujua. Shunk na Kender wakapiga mruko huo, kisha wakapiga barabara ileile ikiwa haina watu wa turubai. Ndani ya chumba cha giza cha kusafishia picha wakaziunganisha picha mbili zikawa moja.

Itazameni vizuri. Kifua kiko mbele, mikono imetanuka, uso umeinuliwa: huyu anapaa. Nyuma yake mtu anaendesha baiskeli, amempa mgongo, anakwenda zake. Huyo wa baiskeli ndiye anayenishika kila ninapoirudia. Muujiza unatokea mtaani na mtaa hauna habari! Novemba 27 mwaka huohuo Klein aliichapa kwenye gazeti lake la siku moja, na mimi siiiti udanganyifu. Picha ile ndiyo kazi yenyewe.

Basi kazi ni ya nani, msanii au mpiga picha? (Msomaji, Nakuru)

Ya wote wawili, na hapa sitanii hata kidogo: jina la mpiga picha liandikwe ukutani, kwa herufi zinazosomeka. Mwaka 1971 mratibu wa maonyesho Willoughby Sharp aliwaalika wasanii 27 kwenye gati lililotelekezwa kando ya mto Hudson, New York, kila mmoja afanye jambo lake, na Shunk na Kender wakapiga picha zote. Mmoja wao, John Baldessari, alitumia mikono yake kama fremu ya kuitazama bandari. Mikono ni yake, lakini jicho lililokuwa nyuma ya kamera halikuwa lake.

Au chukueni Beijing, 1994. Msanii Zhang Huan alijipaka asali na mafuta ya samaki, akakaa ndani ya choo cha umma kwa muda wa saa moja, nzi wakimjaa mwilini. Mpiga picha kijana RongRong alikuwa humohumo na kamera yake, akivumilia harufu ileile. Asingekuwapo, sisi wengine tungekuwa tunasimuliwa tu.

Nikiiona picha naweza kusema nimeiona kazi? (Msomaji, Bukavu)

Sehemu yake. Msanii Yoko Ono alipofanya "Cut Piece" mjini Kyoto mwaka 1964, alikaa jukwaani na mkasi mbele yake, watazamaji wakapanda mmoja mmoja kumkata vipande vya nguo. Picha haiwezi kukupa ule ukimya wa kusubiri nani atapanda tena, na atakata wapi. Lakini aliyekaa viti vya nyuma naye hakuuona uso wake kwa karibu.

Mbona nyingi ni nyeusi na nyeupe? (Msomaji, Zanzibar)

Filamu yake ilikuwa ya bei rahisi, mpiga picha aliweza kuisafisha mwenyewe, na magazeti mengi yalichapa hivyo.

Kikundi chetu kinaigiza barabarani na rafiki yetu ndiye hutupiga picha kwa simu. Tufanye nini zisipotee? (Msomaji, Bagamoyo)

Msifute zile "mbaya". Hifadhi ya Shunk na Kender ilikuja kugawiwa taasisi tano, zikiwemo Getty, Tate na Centre Pompidou, na utajiri wake umo pia kwenye picha ambazo hazikuwahi kuchapwa: maandalizi, watu pembeni, dakika za kabla na baada. Hamisheni mafaili kutoka kwenye simu, nakala mbili, sehemu mbili tofauti. Andikeni tarehe, mahali na majina ya waliocheza. Jina la huyo rafiki yenu liandikeni pia, na kubalianeni mapema nani ana ruhusa ya kuziuza.