Mama ana wasiwasi, bibi alikuwa hivyo hivyo, na mimi je?

SWALI: Dokta shikamoo. Nina miaka 29, nipo Tanga. Mimi ni mtu wa wasiwasi mno, simu ikiita usiku tu moyo unaenda mbio na viganja vinalowa jasho, nikimtuma mtoto dukani akichelewa kidogo nishawaza ajali. Mama yuko hivyo, marehemu bibi ndo usiseme. Kaka yangu yuko Uingereza, anasema kuna kipimo cha mate, unatuma kwa posta wanakwambia kama una jeni ya wasiwasi, anataka kuninunulia. Nikubali? Na mwanangu nishamrithisha? Kwa sasa jirani ananigawia Valium zake, nalala vizuri.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kaka mwambie hiyo hela akutumie ya matumizi.

Hiyo "jeni ya wasiwasi" ilianza kuvuma 1996. Klaus-Peter Lesch wa Ujerumani na wenzake walipima watu 505, wakaangalia jeni ya kile kinachorudisha serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, ndani ya seli ikishafikisha ujumbe huo. Wenye toleo fupi la jeni hiyo wakaonekana wana wasiwasi zaidi kidogo. Kidogo kweli, maana jeni yenyewe ilieleza asilimia 3 mpaka 4 tu ya tofauti kati ya watu, na wao wenyewe waliandika hivyo, ila habari ilipofika mtaani ikawa jeni imepatikana basi. Waliorudia utafiti wengine walipata wengine wakatoka kapa. Mwaka 2019 jeni 18 za namna hiyo, na hiyo ikiwemo, zikapimwa upya upande wa sonona kwa data za watu malaki, hazikufua dafu kuliko jeni yoyote ya kuokotwa tu.

Kurithi kupo, sikatai. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwenye wasiwasi wa kudumu kama asilimia 30 ya tofauti za watu inatokana na urithi, lakini imetawanyika kwenye jeni nyingi sana na kila moja inachangia chembe tu, sasa hicho kipimo cha mate kitakwambia nini? Mwanao huenda ana mwelekeo huo, ugonjwa hujampa.

Na ubongo wenyewe una mambo. Kuna mama mmoja Marekani, watafiti wanamwita SM tu, maradhi adimu yalimharibia amigdala zote mbili, zile sehemu zinazopiga kengele ya hatari. Nyoka anashika, filamu za kutisha anaangalia kama anaangalia harusi. Ila walipomvutisha hewa yenye asilimia 35 ya kabonidayoksaidi akashikwa na hofu kali mpaka akataka barakoa itolewe! Kumbe hofu ina njia zaidi ya moja, ndo maana mimi simwamini anayesema "serotonini yako imepungua" bila hata kukupima.

Wewe nenda hospitali waangalie damu na tezi ya shingo kwanza, tezi ikizidisha kazi moyo unaenda mbio vile vile. Halafu uliza huduma ya ushauri nasaha. Ukiandikiwa dawa za serotonini, jua zinachukua wiki kadhaa, usiziache siku ya nne.

Valium ndo imenishtua. Inaongeza nguvu ya GABA, kemikali inayotuliza ubongo, kwa hiyo lazima ulale, lakini mwili unaizoea na dozi inapanda. Kama unameza kila siku usikate ghafla, unaweza kupata degedege. Hukuniambia unameza ngapi na tangu lini, mwambie daktari atakayekuona akupangie kupunguza taratibu.