Ukoko wa pua ya mbwa, usiubandue

Jumapili dada mmoja alinitumia picha za mbwa wake: juu ya pua ukoko wa manjano, masikio hivyo hivyo. "Ameshachomwa sindano tatu za upele," akaandika. Nilikaa kimya kwanza. Nilikuwa namwona mbwa wangu, Simba.

Simba alianza na vipele vya usaha puani, vinapasuka usiku, asubuhi unakuta ukoko tu. Daktari wa kwanza akasema ni utitiri. Sindano. Kisha ikawa fangasi. Mwezi wa tatu nyayo zikachanika, akawa anatembea kama anayekanyaga makaa. Hapo akachomwa steroidi, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, wiki moja ngozi safi! Nikamsifia daktari mtaa mzima. Haukupita muda, yote yakarudi, na majirani wakarudi nayo.

Daktari wa pili alikuwa binti mdogo, nami nilimdharau kwa umri wake (Mungu anisamehe). Alitoboa kipele ambacho hakijapasuka, akagandamiza kipande cha kioo juu yake, akakipaka kioo hicho rangi, akaniita nichungulie kwenye hadubini. Katikati ya usaha kulikuwa na seli za ngozi zilizoachana, za mviringo, kama mayai ya kukaanga. Anashuku pemfigasi foliasea, akasema: kinga ya mwili inashambulia kile kinachoshikanisha seli za ngozi. Lakini bakteria na fangasi wengine huziachanisha pia. Kwa hiyo antibayotiki kwanza, halafu kipande cha ngozi kiende maabara.

Kipande cha kwanza hakikuonyesha kitu. Kosa langu. Asubuhi ile nilimwogesha Simba nikamsugua, eti asiniaibishe, ukoko ukabaki kwenye beseni. Kumbe jibu lilikuwa humo! Cha pili kilichukuliwa pamoja na ukoko wake, bila kusugua wala kunyoa kwa wembe, na jibu likaja: pemfigasi kweli.

Basi sikilizeni. Msikimbilie steroidi kabla ya kipimo, inaficha ugonjwa. Kama ameshachomwa, mwambieni daktari, hata kama ni aibu. Msimsugue. Msibandue ukoko. Tunawanunulia mbwa minyororo ya kung'aa, kipimo tunaona ghali. Mimi sindano za kubahatisha zilinila zaidi ya maabara.

Simba sasa anameza prednisoloni, nayo ni steroidi, ila safari hii baada ya kipimo; anakunywa maji kama ngamia na mkeka wangu wa sebuleni anaujua yeye. Dada, kesho muulize daktari wako kama ana hadubini. Akikasirika, niandikie tena.