Unajiandaa kwa nusu marathoni? Punguza kasi kwanza

Wiki ya tano ya mazoezi yangu ya kwanza ya nusu marathoni, yaani mbio za kilomita 21 na kidogo, nilishindwa kushuka ngazi. Ugoko wa mguu wa kulia ulikuwa unauma hata ukiguswa na shuka, na asubuhi nilikuwa natoka kitandani nimeshikilia ukuta. Sikuanguka wala sikuteguka. Nilikimbia tu, kila siku, kwa kasi yote niliyokuwa nayo.

Nilidhani ndivyo mazoezi yalivyo. Nikitoka kukimbia kilomita 5, lazima nirudi natweta, fulana imelowa, na saa ionyeshe muda mfupi kuliko wa jana. Ikionyesha muda mrefu, siku hiyo niliihesabu hasara. Wote tumekuzwa na "polepole ndio mwendo", lakini mtu akishavaa raba na saa mkononi, methali anaiacha nyumbani.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyeniangalia hakushangaa hata kidogo. Alinieleza kwamba moyo na mapafu huzoea mazoezi haraka. Baada ya wiki chache tu unahisi pumzi imekaa sawa. Mifupa na kano hazina haraka hiyo, zenyewe hujiimarisha kwa miezi. Kwa hiyo kuna kipindi ambacho pumzi inakwambia twende, na mfupa bado uko nyuma. Wengi wetu tunaoanza tunaumia hapo hapo, tena tukiwa tunajiona tumeiva.

Nilikaa wiki tatu bila kukimbia, nikitembea na kuendesha baiskeli. Niliporudi nilikuwa na sharti moja: nikimbie kwa mwendo ambao naweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi. Kama uko peke yako, jisemeshe, au hesabu kwa sauti. Ukiona maneno yanatoka mawili mawili, umezidisha.

Usidhani ni rahisi. Mwendo wangu wa kuzungumza ulikuwa karibu dakika 8 kwa kilomita, na kwenye vilima nililazimika kutembea kabisa. Watu waliokuwa wanatembea kwa mazoezi waliniona nawapita taratibu hadi wakapata muda wa kunisalimia na kuniuliza habari. Aibu ilinipata. Nikaivua saa, nikaiacha nyumbani kwa wiki mbili, na hilo ndilo lililonisaidia kuliko ushauri wote niliowahi kupewa. Baada ya miezi miwili, pumzi ileile ilikuwa inanipeleka kwa dakika 7 kwa kilomita.

Jambo hili si geni. Arthur Lydiard, kocha wa New Zealand, aliwakimbiza wanariadha wake kilomita 160 kwa wiki kujenga pumzi kabla ya kuwaingiza kwenye mazoezi ya kasi. Mmoja wao, Peter Snell, alikuwa mkimbiaji wa mita 800, mbio zisizofika hata dakika mbili. Mwaka 1960 alichukua dhahabu ya Olimpiki Roma, na mwaka 1964 akachukua mbili Tokyo, za mita 800 na 1500. Mimi na wewe hatuna haja ya kilomita 160, tuna kazi na familia. Lakini kama mtu wa dakika mbili alihitaji msingi mrefu namna hiyo, mimi wa saa mbili na ushee nilikuwa nakimbilia wapi?

Ratiba yangu ikawa siku nne kwa wiki. Mbili nakimbia polepole, moja naweka kasi kidogo (dakika tatu haraka, mbili taratibu, mara sita, basi), na mwisho wa wiki mbio ndefu. Mbio ndefu nilianza na kilomita 8, nikaongeza moja au mbili kila wiki, na kila wiki ya nne nikapunguza ili mwili upumue. Nilifika 18 nikaishia hapo. Si lazima ukimbie 21 nzima kwenye mazoezi. Kilichobaki utabebwa na siku yenyewe.

Wiki mbili za mwisho unapunguza umbali, na hapo kichwa kitakusumbua. Miguu itahisi mizito, goti ambalo halijawahi kuuma litaanza kuuma, na utashawishika kukimbia mara moja ya mwisho "kujihakikishia". Kaa nyumbani.

Raba usizinunue wiki ya mashindano. Ziwe umeshazikimbilia mbio ndefu kadhaa. Kwapa na mapaja paka mafuta mazito, la sivyo utachubuka na utajua ukiwa bafuni. Kata kucha za miguu siku chache kabla. Maji kunywa ukisikia kiu, usijijaze kila kituo, maana maji yakizidi sana huzimua chumvi ya damu, na hilo ni hatari kweli.

Sasa, yote haya niliyajua, na bado siku ya mashindano yangu ya kwanza nikafanya ujinga. Nilipanga dakika 6 na nusu kwa kilomita. Filimbi ikalia, umati ukaondoka, nami nikaondoka nao. Kilomita ya kwanza: dakika 5 na sekunde 20. Nilihisi mwepesi, nikajiambia labda leo ni siku yangu. Kumbe miguu iliyopumzika wiki mbili lazima ihisi nyepesi. Mwili una akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na kadiri unavyokwenda kasi ndivyo unavyoila haraka. Kilomita ya 15 vigimbi vikakaza. Kuanzia ya 17 nilitembea zaidi ya nilivyokimbia, nikamaliza kwa saa 2 na dakika 31. Umbali huo una kilomita 21 na mita 97 na nusu, na zile mita 97 nilizihesabu zote.

(Letesenbet Gidey wa Ethiopia aliukimbia mwaka 2021 kule Valencia kwa saa 1, dakika 2 na sekunde 52. Hiyo ni chini ya dakika tatu kwa kila kilomita. Mimi kwa kasi hiyo simalizi hata kilomita moja, kwa hiyo nimeacha kuangalia muda wa wengine.)

Mara ya pili, miezi saba baadaye, nilijipanga nyuma kabisa ya umati. Kilomita tano za mwanzo nilikimbia kwa dakika 6 na sekunde 45 kila moja, na nilipitwa na watu wengi mno, akiwemo mmoja aliyevaa kama pundamilia. Nikavumilia. Kuanzia kilomita ya 12 nikaanza kuwaona tena mmoja mmoja, wengine wameshika kiuno, wengine wanabanwa na kichomi. Pundamilia nilimkuta kwenye ya 18, kichwa chake amekibeba kwapani. Nilimaliza kwa saa 2, dakika 16 na sekunde 40.

Ugoko haukuuma. Ukucha wa kidole gumba ndio uligeuka mweusi, na baada ya wiki chache ukang'oka, kwa sababu nilisahau kuukata.