Maswali ya wasomaji: Kujifunza usanifu wa grafiki na mpangilio wa herufi mtandaoni

Tangu tuanze kujibu maswali ya ufundi wa kompyuta, barua nyingi zinatoka kwa vijana wanaotaka kutengeneza mabango, kadi na vipeperushi bila kupitia chuo. Tumechagua tano ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Ndugu wahariri, salamu. Nataka kujifunza usanifu wa grafiki lakini ada ya chuo sina. Nina simu, na kompyuta naipata kafe mara mbili kwa wiki. Nikitafuta mtandaoni nakuta tovuti chungu nzima, nachanganyikiwa. Nianzie wapi? — Msomaji, Jinja

Anza na herufi, ndugu yetu. Rangi na nembo zitafuata. Kazi zinazoleta pesa mtaani, kama tangazo la mkutano, kadi ya harusi, menyu au kitabu cha risiti, karibu zote ni maandishi, na maandishi yakipangwa vibaya hakuna picha itakayoyaokoa. Tena masomo ya herufi ni ya kusoma, na ukurasa wa kusoma unakula data kidogo mno ukilinganisha na video. Data yetu hapa Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, mbali na VAT, kwa hiyo hilo ni jambo la kuzingatia.

Kwenye simu, fungua Practical Typography, tovuti ya Mmarekani Matthew Butterick. Inasomwa bure yote. Usianze na historia. Nenda moja kwa moja kwenye muhtasari wa dakika kumi ulio mwanzoni. Vipimo vitatu vya pale uviweke kichwani: maandishi ya kusomwa kwenye karatasi yawe pointi 10 hadi 12 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi), kutoka mstari hadi mstari iwe asilimia 120 hadi 145 ya ukubwa wa herufi, na mstari mmoja ubebe herufi 45 hadi 90, nafasi zikiwemo. Maana yake, ukitumia herufi za pointi 11, mistari ipishane kwa pointi 13 hadi 16. Ukimaliza hapo, ingia Google Fonts, sehemu inayoitwa Knowledge. Ni masomo mafupi mafupi yenye michoro, nayo ni bure.

Muda wa kafe uutumie kwa yale ambayo simu haiyawezi vizuri. Tovuti ya Method.ac ina michezo miwili midogo tunayoiona bora kuliko saa nyingi za video. Wa kwanza, Kern Type, unakupa neno ambalo herufi zake zimekaa vibaya. Unazivuta kwa mausi mpaka zikae sawa, kisha unapewa alama kati ya 100 kwa kulinganishwa na mpangilio wa mtaalamu. Wanaoanza hukosea pale wanapotaka umbali kati ya herufi ulingane kama uliopimwa kwa rula. Kinachotakiwa kulingana ni uwazi unaoonekana. A na V zikikaa jirani lazima zisogeleane sana kwa sababu miteremko yao inaacha pengo, ilhali H na I zinahitaji kuachiana nafasi. Mchezo wa pili, Bézier Game, unafundisha kuchora mkunjo kwa nukta chache iwezekanavyo. Bila ujuzi huo nembo zako zitakuwa na vibonde.

Kompyuta ya kafe kwa kawaida huruhusiwi kuisakinishia kitu. Photopea inafanya kazi ndani ya kivinjari, inafungua hata faili za Photoshop, na picha zako zinabaki kwenye mashine unayotumia. Inkscape nayo ina toleo la kubeba kwenye flashi, unachomeka na kuanza kazi. Hii ndiyo programu ya kuchorea nembo, na ni bure kabisa. Masomo yake mazuri ya video yako YouTube kwenye chaneli ya Logos by Nick. Teremsha ubora hadi 360p, ila usishuke chini ya hapo, maana majina ya menyu hayatasomeka.

Ukitaka kozi yenye mpangilio, CalArts, chuo cha sanaa cha California, kina mfululizo wa usanifu wa grafiki kwenye Coursera, na mmojawapo wa masomo yake ni utangulizi wa taipografia, yaani mpangilio wa herufi. Usikimbizwe na bei: kwenye ukurasa wa kozi kuna kiungo cha kuomba msaada wa ada. Omba kozi moja moja, eleza hali yako na mpango wako kwa ukweli, kisha subiri wiki mbili hivi.

Sasa zoezi, kwa kuwa kusoma peke yake hakutoshi. Andika tangazo la maneno 60 la mkutano mkuu wa SACCO kwenye A4: jina la chama, tarehe, mahali, ajenda, simu ya katibu. Lipange kwa fonti moja, yaani mtindo mmoja wa herufi, na ukubwa mmoja, ukitumia nafasi tupu tu kutenganisha habari. Ukiridhika, jiruhusu kukoleza maneno machache. Hatua ya tatu, ongeza ukubwa wa pili. Kila hatua uichapishe kwa rangi nyeusi, uibandike ukutani na kuisoma ukiwa hatua tatu mbali. Tarehe na mahali visipojitokeza kwanza, rudia. Usiongeze fonti ya pili mpaka hiyo ya kwanza ikutii.

Wahariri, hamjambo? Natengeneza mabango ya Kiganda. Kila nikiandika herufi ŋ inatoka kisanduku, au inatoka nyembamba kuliko wenzake. Tatizo ni kompyuta yangu? — Msomaji, Kampala

Kompyuta yako haina kosa. Fonti uliyochagua haina herufi hiyo. Programu ikiikosa hufanya moja ya mambo mawili: inaonyesha kisanduku, au inaiazima kwenye fonti nyingine iliyopo. Ndiyo maana unaiona nyembamba. Fonti nyingi za mapambo zimechorwa kwa ajili ya Kiingereza tu, kwa hiyo wanaoandika Kiganda, Kiacholi au Kiteso hukwama hapo hapo.

Kabla ya kuipenda fonti, ijaribu. Kwenye Google Fonts kuna kisanduku cha kuandika maneno yako. Andika *Eŋŋoma, Ggaba, Jjajja, Kyambogo, ng’ombe*. Lakini kuwa macho: kivinjari nacho huazima herufi iliyokosekana, hivyo ŋ inaweza kuonekana ipo na haipo. Chagua unene wa juu kabisa wa fonti hiyo kisha linganisha miguu ya ŋ na miguu ya n. Ikiwa ni ya kuazimwa, tofauti itaonekana papo hapo.

Noto Sans na Open Sans zinayo. Kwa vitabu vya watoto na mabango ya shule tunapendekeza Andika, na kwa vitabu vya kawaida Gentium au Charis. Zote tatu ni za SIL, shirika linaloshughulikia lugha, zilizotengenezwa kwa kuzifikiria lugha kama zetu, na ni za bure. Zina ubora mwingine ambao wengi hawaujui. Herufi kubwa Ŋ ina maumbo zaidi ya moja. Lipo linalofanana na N yenye mkia, ambalo limezoeleka kwa Wasami wa kaskazini mwa Ulaya, na lipo lililo kama n ndogo iliyokuzwa, ambalo ndilo limezoeleka katika lugha za Kiafrika. Fonti za SIL zinakuruhusu kubadili umbo hilo. Kwenye kichwa cha habari cha pointi 60 mteja wako ataiona tofauti, hata kama hataweza kuieleza.

Kuiandika si kazi. Katika Word au LibreOffice andika 014B kisha bonyeza Alt na X pamoja. Kwa herufi kubwa andika 014A. Katika Inkscape bonyeza Ctrl na U, andika namba hiyo, kisha Enter. Usitengeneze ŋ bandia kwa kuibandikia n mkia wa j. Neno hilo halitapatikana kwenye utafutaji, na likinakiliwa mahali pengine linaharibika.

Na jambo moja zaidi: Kiganda kina gg, jj, ky na ŋŋ kwa wingi, yaani mikia mingi inayoshuka chini ya mstari. Kichwa cha habari chenye mistari miwili usikibane kwa asilimia 100 kama video nyingi zinavyofundisha. Mikia ya juu itagongana na herufi kubwa za chini. Asilimia 115 hivi ni salama.

Nahariri jarida la kanisa la safu mbili kwa Kiswahili. Nikinyoosha maandishi pande zote mbili, mapengo makubwa yanatokea kati ya neno na neno. Nifanyeje? — Msomaji, Mbale

Maneno yetu ni marefu. Kitenzi kama *wanaowashirikisha* hakiingii mwisho wa safu nyembamba, kinaruka mstari mzima, na mstari kilioutoka unavutwa mpaka unatoboka. Dawa ya haraka ni kunyoosha upande wa kushoto tu na kuuacha upande wa kulia huru. Ukishikilia kunyoosha pande zote, kata maneno kwa mkono baada ya irabu: *wa-na-o-wa-shi-ri-ki-sha*. Kamwe usizitenganishe sh, ch, ny, ng’ wala mb. Programu ukiiachia kanuni za Kiingereza itakata popote inapopenda, kwa hiyo zima ukataji wa maneno usiofuata Kiswahili.

Shikamooni. Fonti za mtandaoni zinazoandikwa ni za bure, kweli ni za bure? Jirani yangu ana duka la uchapaji, anasema nisiogope. — Msomaji, Gulu

Marahaba. Inategemea leseni, na leseni inasomwa kwa dakika moja. Za Google Fonts karibu zote ziko chini ya leseni huria ya SIL, inayojulikana kwa herufi OFL. Unaruhusiwa kuchapisha na kuuza kazi uliyoitengeneza kwa fonti hizo, na kuziweka ndani ya PDF. Kilichokatazwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Ndani ya ZIP utakuta faili la OFL. Lihifadhi pamoja na kazi ya mteja.

DaFont, tovuti nyingine ya kupakua fonti, ni suala jingine. Juu ya kitufe cha kupakua kila fonti ina maelezo yake, na nyingi ni za matumizi binafsi tu. Ukitengenezea duka nembo kwa fonti hiyo, mteja wako ndiye unayemuachia deni. Jirani yako amezoea, lakini hilo halimlindi mteja.

Ukipakua kutoka Google Fonts, ndani ya ZIP kunaweza kuwa na fonti moja yenye unene wote pamoja, na folda iitwayo static yenye faili moja kwa kila unene. Sakinisha hizo za folda. Programu za zamani haziielewi ile ya pamoja. Unachagua nene, inachapishwa nyembamba.

Natumia Canva, programu ya kutengenezea vipeperushi, kwenye simu. Kipeperushi kinang’aa kwenye skrini, lakini nikikipeleka kwa wachapaji wa Nasser Road, Kampala, kinarudi kimefifia na maneno ya pembeni yamekatwa. Kosa ni la mchapaji? — Msomaji, Arua

Mara nyingi kosa limo ndani ya faili. Skrini inatoa mwanga wa RGB (nyekundu, kijani na buluu) na karatasi inapokea wino wa CMYK (samawati, majenta, njano na nyeusi). Buluu ya umeme na kijani kinachong’aa havipo kwenye wino, kwa hiyo lazima vififie. Chagua tangu mwanzo rangi zilizotulia. Canva ya bure haikupi PDF ya CMYK. Hiyo iko kwenye toleo la kulipia. Ukipata kompyuta, Scribus, programu ya kupangia kurasa, inafanya hivyo bure.

Kuhusu kukatwa: A5 ni milimita 148 kwa 210, lakini mashine ya kukata haipiti mahali pale pale kila mara. Rangi ya nyuma iongezwe milimita 3 kila upande, faili liwe 154 kwa 216, na maandishi yakae angalau milimita 5 ndani ya mstari wa kukata. Kwenye Canva, unapopakua chagua PDF ya uchapaji kisha washa alama za kukatia na ukingo wa ziada. Usipakue JPG.

Picha nazo zipime. Kwa uchapaji mzuri unahitaji nukta 300 kwa inchi. Picha yenye upana wa pikseli 640, kama baadhi ya zile zinazozunguka WhatsApp, itachapika safi kwa upana wa sentimita 5.4 tu. Mwambie mteja akutumie picha kama dokumenti, isipite kwenye njia ya picha, kwa sababu huko inabanwa. Bango la flex, yaani la plastiki, la barabarani ni tofauti: linaonwa kutoka mbali, na nukta 100 kwa ukubwa kamili zinatosha.

Maandishi madogo yapige kwa nyeusi tupu. Ukiyatengeneza kwa mchanganyiko wa rangi nne, bati moja la kuchapia rangi likisogea kidogo tu utaona kivuli chekundu au cha buluu pembeni ya kila herufi. Maandishi meupe juu ya rangi nzito yawe manene, maana wino hutambaa na kuziba miguu myembamba.

Kama umetumia Inkscape, kabla ya kutoka hifadhi nakala, kisha kwenye nakala hiyo chagua vyote na ubonyeze Ctrl, Shift na C. Maandishi yatageuka michoro na hayatabadilika hata mchapaji akikosa fonti yako. Nakala ya asili usiiguse, maana iliyogeuzwa hairekebishiki tena. Ukifika dukani, omba nakala moja ya majaribio, ikatwe kabisa, kisha uikague nje kwenye mwanga wa mchana kabla ya kuruhusu 1,000 zipigwe.