Alt ya picha: lini uiandike, lini uiache tupu

Umeuliza kama kila picha kwenye tovuti lazima iwe na maelezo. Alt, yaani sehemu ya msimbo wa ukurasa inayobeba maelezo ya picha kwa maandishi, lazima iwepo kwenye kila picha, ila maelezo si lazima. Picha ya pambo tu iwekee alt="" tupu, programu ya kusoma skrini (inayowasomea wasioona kwa sauti) itairuka. Ukiondoa alt kabisa, mara nyingi msikilizaji husomewa jina la faili, kitu kama IMG_4471.jpg, na hiyo ni kero kubwa.

Picha iliyo kiungo au kitufe ndiyo inayokosewa zaidi. Taja kazi yake: aikoni ya lenzi iandikwe "Tafuta", si "lenzi ya kukuzia".

Kwingineko sentensi moja inatosha, mbili zikizidi. Usianze na "Picha ya…", kwa sababu programu yenyewe hutangaza kuwa ni picha. Kinachoamua maneno ni muktadha. Chukua picha ya mwalimu akiwa ubaoni mbele ya wanafunzi: kwenye somo la hisabati andika mlinganyo alioandika, kwenye makala kuhusu msongamano madarasani, andika kwamba wanafunzi watatu wanabanana kwenye dawati moja. Picha ni ileile, alt mbili tofauti, na zote sahihi.

Grafu: taja aina yake na inachoonyesha ("Grafu ya mistari: mauzo yalipanda hadi Juni, kisha yakashuka"), halafu takwimu ziweke kwenye jedwali chini yake. Na tafadhali usirundike maneno ya kuvutia Google kwenye alt, maana kuna mtu atalazimika kuyasikiliza.