Glaida ya kurusha kwa mkono: kitovu cha uzito kwanza, upinde wa bawa baadaye

Glaida ya daraja la F3K, yaani glaida za rimoti zinazorushwa kwa mkono, ikishaunganishwa mezani, hamu ya kuipeleka uwanjani jioni hiyohiyo huwa kubwa. Ncha hadi ncha mabawa yana mita 1.5, ndio mwisho wa kanuni za FAI, shirikisho la kimataifa la michezo ya anga. Uzito, pamoja na betri na servo (vifaa vidogo vinavyosogeza sehemu za kuongozea), huwa gramu 230 hadi 270, ingawa kanuni zinaruhusu hadi 600. Mota haina. Unaishika kwenye ncha ya bawa, unazunguka kama mrusha kisahani, unaiachia, nayo inapanda mita 40, 50 au zaidi. Kuanzia hapo kazi yako ni kutafuta hewa inayopanda, kisha kuidaka glaida mkononi kwa sekunde iliyopangwa.

Pointi nyingi hupotea kwa sababu mtu ameseti vitu bila mpangilio. Anaanza na modi za upinde wa bawa (mkunjo unaobadilishwa kwa vibao vya ukingo wa nyuma) kwa kuwa zinanogesha kwenye rimoti, wiki ijayo anasogeza betri, na kila alichokiseti kinavurugika. Ondoa kwanza kucheza kote kwenye mitambo, yaani ulegevu wowote, ndipo uguse kitovu cha uzito, pale glaida inapokaa mizani. Kikishakaa, seti upinde, halafu eleveta (kibao cha mkiani kinachoinua au kushusha pua) ya kurushia, na breki iwe ya mwisho. Ukirudi nyuma hatua moja, jiandae kurudia zote zinazofuata.

Uzi na springi

Anza mkiani. Kwenye glaida nyingi za aina hii eleveta na usukani (kibao cha wima kinachogeuza pua kushoto au kulia) havisukumwi na fito. Uzi unavuta upande mmoja, na springi ndogo ya waya inarudisha upande wa pili. Njia hii ni nyepesi, na mkia mwepesi ni mali, maana kila gramu ya mkiani inadai gramu mbili au tatu za risasi puani.

Tumia uzi wa kusuka wa wavuvi, unene wa milimita 0.3 au pungufu. Mshipi wa kawaida wa nailoni haufai: unavutika, na ukipigwa na jua trimu (marekebisho madogo ya kudumu) inahama yenyewe. Springi ni waya wa chuma kigumu wa milimita 0.3 uliokunjwa kama herufi U, mguu mmoja ukizama kwenye sehemu isiyosogea na mwingine kwenye sehemu inayosogea. Ikiwa servo inalia hata glaida ikiwa imetulia mezani, springi ni kali mno. Rekebisha kidogo pembe ya mkunjo ili ilegee.

Sasa jambo ambalo wengi hulikosea: uzi uvute upande gani? Kumbuka kwamba uzi haulegei ukivutwa, lakini springi inalegea ikisukumwa. Kwa hiyo nguvu kubwa ya hewa wakati wa kurusha ni lazima ikutane na uzi. Kwa eleveta ni rahisi: wakati wa kurusha inakuwa imeinuliwa na hewa inataka kuilaza, basi uzi uvute juu, springi irudishe chini. Usukani unahitaji kufikiri kidogo. Anayetumia mkono wa kulia hushika ncha ya bawa la kushoto na huzunguka kinyume cha saa. Mkia unachapwa kuelekea kulia, hewa inaupiga kutokea kulia, na usukani unasukumwa kushoto. Basi uzi uvute kulia. Anayetumia mkono wa kushoto ageuze yote.

Washa mitambo, kisha usukume usukani kwa kidole kimoja kuelekea kushoto. Ukihisi kama umegusa ukuta, sawa. Ukihisi unakwenda kidogo na kurudi, uzi unavutika, au fundo limelegea, au meno ya servo yamelika. Tatizo hilohilo ndilo linaloifanya glaida itikise mkia mara tatu nne baada ya kuachiwa, na kila mtikiso unakula urefu. Mtu analilaumu bega lake kumbe kosa liko kwenye fundo.

Kwenye flaperoni, vile vibao vya ukingo wa nyuma wa bawa, funga waya kwenye tundu la mkono wa servo lililo milimita 5 au 6 kutoka katikati, na kwenye kipembe cha bawa uende milimita 10. Mkono mfupi unapunguza kucheza kwa meno ya servo na unaongeza nguvu. Shika ukingo wa nyuma wa flaperoni, upandishe na uushushe taratibu: zaidi ya nusu milimita ya kucheza haikubaliki. Kama tundu limepanuka kuzidi waya, tone dogo la supa gluu pembeni ya waya, lisubiriwe likauke huku ukiuzungusha, linaziba pengo. Na mapema kabisa, kaza mkono wa servo ukiwa umeuinamisha kidogo badala ya wima, ili upate mwendo mrefu wa kushuka kwa ajili ya breki na mfupi wa kupanda. Ukisahau hili sasa, breki yako itaishia nyuzi 40 na hutaipata tena bila kufungua kila kitu.

Kitovu cha uzito

Anza na kipimo cha mtengenezaji, mara nyingi kati ya milimita 65 na 80 kutoka ukingo wa mbele wa bawa penye shina, linapoungana na mwili, kisha kisogeze milimita 2 kuelekea puani kwa usalama. Hesabu ya kusogeza ni nyepesi: uzito wa glaida mara umbali unaotaka kusogeza, ugawe kwa umbali wa pua kutoka kwenye kitovu. Glaida ya gramu 250, milimita 1, pua ikiwa milimita 250 mbele: jibu ni gramu 1. Kwa hiyo mtu anayebandika risasi ya gramu 5 kwa mkupuo mmoja anaruka juu ya jibu sahihi bila kuliona.

Kipimo cha angani ni cha kupiga mbizi. Chagua asubuhi tulivu. Rusha, weka trimu hadi iruke yenyewe sawasawa, halafu uielekeze chini nyuzi 45 hivi na uachie eleveta. Ikinyanyua pua kwa nguvu, pua ni nzito: toa gramu 1, punguza trimu ya juu, rudia. Ikizidi kuzama na kujikunja kuelekea chini, mkia ni mzito, ichukue haraka kabla hujachelewa. Ikitoka polepole kwa mkunjo mrefu wa utulivu, umefika. Kosa la kawaida hapa ni kusogeza uzito na kusahau trimu. Glaida bado inabeba trimu ya zamani, inanyanyua pua, na mtu anaendelea kutoa uzito hadi inakuwa hairushiki.

Wapo wanaopenda kitovu nyuma sana kwa sababu glaida inaonyesha hewa inayopanda kwa ishara ndogo. Ni kweli inaonyesha. Lakini katika dakika ya nane ya raundi, macho yamechoka na glaida iko mbali, glaida hiyohiyo inakuangusha kwenye kona. Nashauri milimita 1 mbele ya pale unapopapenda.

Upinde wa bawa

Pima kwenye ukingo wa nyuma, karibu na shina, kwa rula na si kwa asilimia za rimoti. Sifuri ni pale flaperoni inapofuata umbo la bawa bila kuvunjika mstari. Kurusha: milimita 2 hadi 3 juu. Kukimbia dhidi ya upepo: milimita 1 juu. Kuruka kwa kawaida: sifuri hadi 1 chini. Kuzunguka kwenye hewa inayopanda: 3 hadi 4 chini. Kushoto na kulia visipishane zaidi ya nusu milimita, la sivyo kila ukibadilisha modi glaida inainama upande mmoja.

Kila modi ipewe trimu yake ya eleveta. Zaidi ya milimita 4 chini glaida inaonekana inaelea vizuri lakini inasimama pale pale ikishuka. Kipimo ni saa: hewa tulivu, urushaji mitano kwa kila modi, toa wa juu na wa chini, linganisha yaliyobaki. Kutoka mita 50 hivi, bila hewa ya kupanda, glaida nzuri hukaa dakika mbili na ziada.

Wa nyanda za juu wazingatie hili: kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, kama Nairobi, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko pwani. Glaida ile ile inalazimika kwenda kasi zaidi kwa karibu asilimia 9 ili ijibebe. Seti iliyonakiliwa kutoka kwa rubani wa ufukweni itahisi kali, na mzunguko wako utahitaji kuwa mpana kidogo.

Kurusha

Tuchukue glaida ya gramu 250 inayoachiwa kwa kasi ya mita 32 kwa sekunde, ikizunguka kwenye nusu kipenyo cha mita 1.6. Vidole vyako vinabeba mvuto sawa na uzito wa kilo 16. Ndiyo maana kishikio cha ncha ya bawa kinakaguliwa kabla ya kila siku ya mashindano: kikunje kwa vidole mbele na nyuma ukisikiliza. Mlio mdogo wa tik ni gundi iliyoachia, na kitang'oka pamoja na kipande cha bawa.

Nguvu inatoka nyongani, mkono ni kamba tu. Uuache umenyooka na kulegea. Ukiukunja ili "kuongeza" nguvu, unapunguza nusu kipenyo na kasi inashuka. Mzunguko mmoja na nusu unatosha. Glaida ianze chini nyuma yako na iachiwe juu mbele, ukiutazama upepo.

Eleveta ya kurushia iwe kwenye swichi ya kubonyeza: ibonyeze unapoanza kuzunguka, uiachie swichi baada ya glaida kusimama wima angani. Anza na milimita 1.5 juu, ubadilishe nusu milimita kwa nusu milimita. Ikiondoka chini na mbali kama jiwe la manati, ongeza. Ikijipinda nyuma hadi kuwa mgongo chini, punguza. Baada ya sekunde 3 hivi, kabla kasi haijaisha, sukuma eleveta mbele kwa ufupi ili ilale. Ukichelewa inasimama, inaporomoka, na mita 5 zimekwenda bure.

Pasha bega na kiuno moto dakika kumi kabla. Urushaji wa kwanza wa siku kwa nguvu zote ndio unaochana misuli.

Breki, upepo na saa

Breki ni flaperoni zote mbili chini, nyuzi 60 hadi 80, kwenye stiki ya kushoto ya rimoti. Zikianza kushuka glaida inajinyanyua, hivyo eleveta iende chini pamoja nazo, na si kwa mstari ulionyooka: robo ya kwanza ya stiki inadai marekebisho mengi zaidi kuliko robo ya mwisho. Breki ikiwa imejaa, kugeuza kwa flaperoni kunadhoofika, tumia usukani.

Upepo ukipita mita 5 kwa sekunde, ongeza farumi, yaani uzito wa ziada, ya gramu 30 hadi 50. Ukikaribia mita 8, ambapo mashindano husimamishwa kwa mujibu wa kanuni, gramu 80 na zaidi. Iwe kipande cha shaba au tangisteni ndani ya mwili, katikati kabisa ya kitovu cha uzito. Pima mizani ikiwa ndani na ikiwa nje. Isipolingana, umetengeneza glaida mbili. Wavuvi wanajua kwamba kwenda demani, upepo unakoelekea, si kazi, kazi ni kurudi joshini, upepo unakotoka. Ukifuata hewa inayopanda kwenda na upepo bila farumi, kurudi ndiko kutakakokuua, na kutua nje ya uwanja ni sifuri kwa ruko hilo.

Kila raundi ya mashindano ina jukumu lake. Katika jukumu la maruko ya dakika 1, 2, 3 na 4 kwa mpangilio wowote, jumla ya malengo ni dakika 10 na muda wa kazi ni dakika 10. Hakuna nafasi ya kupumua: kila sekunde glaida iko mkononi imetoka kwenye alama zako. Daka kishikio, usishike mwili, na mguu wa kurushia uwe umeshaanza kuzunguka. Ngazi kubwa, jukumu jingine la kuanzia dakika 1 hadi 3 kwa kuongeza nusu dakika, ina jumla ileile, ila mpangilio hubadilishi. Mshindi wa kundi hupata 1,000, wengine kwa uwiano: sekunde 570 dhidi ya 595 za mshindi ni pointi 958. Kwa hiyo mwangalie aliye kundini mwako. Akipata hewa nzuri karibu nawe, kumfuata si aibu.

Msaidizi ataje muda uliobaki, mwelekeo wa upepo na glaida za wengine zinazopanda, basi. Muda wa kazi ukiisha, zimebaki sekunde 30 za kutua. Atangaze 20, 10, kisha moja moja kuanzia 5, na wewe usiangalie saa tena.