Anayekupima Anapokuwa Ndiye Anayekuuzia: Majibu kwa Wasomaji

Barua za mwezi huu zimekuwa nyingi kuhusu dawa, vipimo na virutubisho. Nimezifupisha, na zile zilizouliza jambo moja nimeziunganisha.

Swali: Kwenye maonyesho ya biashara nilipewa kifimbo cha chuma kilichounganishwa na kompyuta nikishike. Baada ya dakika moja nikapewa kurasa kadhaa zinazosema ini langu limechoka na mifupa yangu imepungukiwa kalsiamu, kisha nikaelekezwa kununua virutubisho vya shilingi laki tatu. Je, mashine hiyo inaaminika?

Haiaminiki. Hali ya ini huchunguzwa kwa damu inayopimwa maabara na, inapohitajika, kwa ultrasaundi. Uimara wa mifupa hupimwa kwa eksirei maalumu ya kupima msongamano wake. Kiganja kinachoshika chuma hakiwezi kutoa habari hizo, na hakuna ushahidi wa kisayansi kwamba mashine za namna hiyo hutambua ugonjwa wowote. Kurasa ulizonitumia picha zake zimepambwa kwa rangi nzuri kuliko majibu ya hospitali yoyote ninayoijua, na huenda urembo huo ndio unaowashawishi wengi.

Ukitaka kujiridhisha mwenyewe, kumbuka kwamba kabla ya kupima, mhudumu huuliza umri, uzito na jinsia. Rudi saa hiyo hiyo, taja umri mwingine, kisha linganisha majibu. Mwili ni ule ule. Majibu yakibadilika, utajua kilichokuwa kikipimwa. Angalia pia kwamba aliyekutajia ugonjwa ndiye mwenye kopo la dawa yake mezani. Popote utakapokuta mambo hayo mawili mikononi mwa mtu mmoja, chukua majibu yako, usilipe siku hiyo, upime upya mahali pasipouzwa kopo hilo.

Swali: Kila nikipata homa na kuumwa kichwa, zahanati ya mtaani kwetu hunipima damu na kuniambia nina taifodi, kisha nachomwa sindano kwa siku tano. Hii ni mara ya tatu mwaka huu. Nina tatizo gani?

Huenda huna taifodi kabisa, na huenda hukuwa nayo mara zote tatu, ingawa mimi siwezi kulithibitisha hilo kwa barua. Kipimo kinachotumika sana katika zahanati zetu ni kile kiitwacho Widal, kilichoanza kutumika mwaka 1896 na kupewa jina la daktari Mfaransa, Fernand Widal. Kipimo hicho hakimtafuti mdudu wa taifodi mwenyewe. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili ulitengeneza kupambana naye, na kingamwili hizo zinaweza kubaki katika damu kwa miezi mingi baada ya mtu kupona au kuchanjwa. Magonjwa mengine yenye homa, malaria ikiwemo, yanaweza pia kukifanya kionyeshe taifodi isiyokuwepo. Ndiyo maana matumizi yake sahihi yalihitaji sampuli mbili, zilizopishana kwa siku kumi hadi kumi na nne, ili ionekane kama kiwango kinapanda. Ni nadra sana mgonjwa wa kawaida kuitwa kwa sampuli ya pili.

Kipimo chenye nguvu zaidi ni kuotesha vijidudu kutoka kwenye damu. Huchukua siku kadhaa, hugharimu zaidi, na damu yenyewe inapaswa kuchukuliwa kabla ya kuanza antibayotiki. Kwa hiyo hupatikana zaidi katika hospitali kubwa. Wakati mwingine homa yako ikirudi, uliza mambo matatu: je, malaria imepimwa; taifodi imethibitishwa kwa kipimo gani; na kwa nini inahitajika sindano badala ya vidonge. Mhudumu mwenye sababu nzuri atazieleza bila kukasirika. Sisemi upuuze homa, kwa sababu taifodi ya kweli huua. Ninachosema ni kwamba sindano za antibiotiki zisizohitajika hukugharimu fedha, huchelewesha kutambuliwa kwa ugonjwa halisi, na huwazoesha vijidudu dawa ambazo kesho utazihitaji kwelikweli.

Swali: Famasi mbili zimenitajia bei tofauti mno kwa dawa ambayo daktari aliniandikia. Je, ya bei nafuu ni bandia?

Si lazima. Soma maandishi madogo chini ya jina la biashara, utakuta jina la kitaalamu na kiasi, kwa mfano parasetamoli miligramu 500. Majina hayo na kiasi vikilingana, dawa ni ile ile, na tofauti ya bei mara nyingi hutokana na kwamba mtengenezaji wa pili hakubeba gharama za utafiti wa awali. Bei peke yake haikuambii lolote kuhusu ubandia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba takribani bidhaa moja kati ya kumi za tiba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati ni bandia au hafifu. Kwa hiyo kinga yako ni kununua kwenye duka lenye kibali, kuangalia tarehe ya mwisho na namba ya toleo, na kuitafuta dawa katika orodha ya zilizosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania. Zinazouzwa ndani ya mabasi ziache huko huko.

Tabia ya kusoma jina la kitaalamu ina faida nyingine. Vidonge vingi vya mafua vina parasetamoli ndani yake, na anayevimeza pamoja na Panadol anazidisha dozi bila kujua. Mtu mzima hapaswi kupita gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, na ini huumia kabla mtu hajahisi lolote.

Swali: Jirani anatoa dawa ya mitishamba ya kisukari kwa bei ndogo sana. Ni mcha Mungu, na watu wanashuhudia kwamba sukari yao imeshuka. Kama hatafuti faida, kwa nini nimtilie shaka?

Unaweza kuamini nia yake na bado ukaitilia shaka dawa. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walifunga safari kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500 tu. Gharama kubwa haikuwa kikombe: ilikuwa nauli, foleni iliyowachosha wagonjwa mahututi, na dawa za kila siku ambazo baadhi yao waliziacha, zikiwemo za kupunguza makali ya VVU.

Kuhusu ushuhuda, sukari ya mtu hupanda na kushuka kutwa nzima kufuatana na chakula na kazi, kwa hiyo kipimo kimoja cha kidoleni hakithibitishi kitu. Omba kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa takribani miezi mitatu, kabla ya kuanza na baada ya miezi hiyo, huku ukiendelea na dawa za hospitali na daktari akijua unachokunywa. Anayetumia insulini kwa kisukari cha aina ya kwanza asiiache hata kidogo. Anaweza kufariki ndani ya siku chache.

Swali: Lakini dawa ya asili si haina kemikali?

Kila mmea una kemikali. Kwinini, dawa ya malaria, ilitoka kwenye gome la mti. Isitoshe, bidhaa za nguvu za kiume zinazouzwa kama mitishamba mitupu zimekutwa mara nyingi, katika nchi mbalimbali, zikiwa zimechanganywa kwa siri sildenafili, dawa ya hospitali ya nguvu za kiume, na mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitrati anaweza kushuka shinikizo la damu ghafla na kupoteza maisha.

Swali: Nitamwulizaje daktari haya yote bila kuonekana mjuaji?

Andika maswali yako kwenye karatasi na uyatoe mwanzoni, kabla hajashika kalamu. Sema, “Daktari, naomba nielewe: tusipotumia dawa hii, nini kitatokea, na kuna njia nyingine?” Akikutajia upasuaji au matibabu ya gharama kubwa, una haki ya kusikia maoni ya daktari wa pili; basi omba nakala za vipimo vyako ili usilipie tena vile vile huko uendako.